Ukope wa Wakio

Mbuzi wa siku hizi huzaliwa na chanjo ya minyoo damuni, kwa hiyo hakuna tena anayewafunua kope kuangalia kama wamepungukiwa damu. Wakio peke yake ndiye ambaye hajaacha.

Zamani ilikuwa kazi ya mumewe, marehemu Mwandoe. Kila asubuhi alimshika mbuzi shingo, akamvuta ukope wa chini, akasema, "Mwekundu. Huyu mzima." Akimaliza zizi lote alimgeukia Wakio na kumvuta wake, kwa kidole kile kile kinachonuka mbuzi. "Na wewe mzima, mama watoto." Wakio alimfokea kila siku, na kila siku alisubiri.

"Mama, waache hao, hawaugui tena," mkaza mwanawe, Mghoi, alimwambia leo kutoka jikoni.

"Najua, mwanangu. Hebu njoo uniangalie jicho."

"Nasonga ugali, mama. Kwani umeingiwa na mchanga?"

"Basi, acha tu."

Siku hizi kupanda hadi zizini kunamkata pumzi. Akasogelea kipande cha kioo ambacho Mwandoe alikuwa akinyolea ndevu, akajivuta ukope. Ulikuwa mweupe kama tui. Akabaki ameushika vivyo hivyo, akingoja mtu aseme neno.