Elfu Moja na Tisa

Alibaki mmoja tena.

Alikuwa Byukusenge, mjane mkongwe aliyefika wa mwisho katika kambi ya wakimbizi. Kila kikundi cha watu wanane kilikwishabeba beseni lake la maharagwe. Yeye, asiye na kikundi, alingoja mabaki. Symphorien, mgawaji wa kambi, alikwangua chini ya gunia kwa kiganja kile kile alichofutia kamasi, akamwagia sahanini vumbi, maganda, na fukusi waliokuwa bado wanatembea.

Nyiramahoro, mama wa kikundi kingine, alitema mate. "Hata nguruwe ingekatala."

"Mama, juma lililopita tuligawa kwa saba," Symphorien alisema. "Alibaki mumoja. Juma la kabla ya ile, kwa sita. Mumoja. Elfu moja na tisa iko nombre premier. Inagawanyika tu na moja, ao na yenyewe."

"Namba gani ile yenye kukatala kugawanywa? Hata ng'ombe tunaigawa, na iko na pembe."

Watu wakacheka. Symphorien hakucheka.

"Ingekuwa elfu moja na nane, maneno ingeisha. Sita, saba, nane, tisa, zote zingeingia, hakuna mwenye kubaki. Muntu mumoja tu njo anatuharibia. Labda tulihesabu mubaya. Kesho nitapita hema kwa hema, kila muntu asimame mbele yangu."

Nyiramahoro aliziangalia kucha nyeusi za mwanamume yule, na ugoro uliomganda kwenye masharubu, kisha akawageukia watu.

"Mumesikia? Anatafuta wa kupunguza. Kesho mumoja, kesho kutwa kumi. Atasimamisha wagonjwa kama mbuzi ya soko. Bwana yangu Munyakazi haamuke tangu Pasaka. Na yeye utamukokota inje, Papa Symphorien, umuhesabie meno?"

"Sisi hatuko mbuzi," Vestine, jirani yake, akadakia.

Sauti zikapanda. Mmoja akampokonya Symphorien kikombe cha kupimia, mwingine akamsukuma hadi akaketi matopeni. Mvua ilipoanza kunyesha mlimani, alikuwa amekwishafukuzwa kazi, na habari ya kuhesabu ikafia hapo.

Byukusenge alimshika Nyiramahoro mkono kwa vidole vyenye unga wa fukusi.

"Umenitetea, mutoto yangu. Mungu amuponye Papa Munyakazi."

"Amina, Mama."

Aliufuta mkono ule kwenye kitenge, akachukua mgao wake na wa mume, akaingia hemani na kufunga mlango kwa kamba. Alipika bila haraka. Kisha akaketi juu ya udongo alioushindilia kwa visigino vyake mwenyewe siku ya pili ya Pasaka, uliofunika kifua cha Munyakazi, akaanza na sahani ya mume.