Karatasi ya Thelathini na Mbili

Gizani, saa ya mkono iligusa meza. Tik.

Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, lakini mwanamke hakuhitaji taa. Sauti ile aliijua kama anavyojua pumzi za mtoto wake. Mumewe akivua saa, mikono yake imepata kazi.

"Mama karani," mume akasema kwa upole. "Nani kaandika?"

"Sijui, mume wangu."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza. Sikio likavuma, bega likagonga kabati, vikombe viwili vikadondoka na kupasuka.

Mume alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mkufunzi aliyesifiwa kuliko wote katika kitengo cha chuo ambako wanafunzi husaidiana masomo. Mkewe alikuwa karani wa kitengo hicho hicho. Muhula huu walianza utaratibu mpya: kila mkufunzi awe na kisanduku chenye picha yake, na wanaosaidiwa watumbukize karatasi wakisema nini kiboreshwe. Jina haliandikwi. Herufi kubwa tupu, ili mwandiko usimchongee mtu. Wazo lilikuwa la karani mwenyewe, na alilionea fahari.

Kwenye kisanduku cha mumewe alikuta karatasi thelathini na mbili. Thelathini na moja zilimpamba: mvumilivu, mcheshi, anarudia hesabu mpaka uelewe. Moja ilisema: NAOGOPA AKIVUA SAA. AKISHAVUA ANAPIGA. NAOMBA AFUNDISHWE KUONGEA TU.

Alipoisoma, akairudia mara ya pili. Kumbe na huko! Miaka yote alidhani kipigo kile ni chake peke yake. Karatasi aliificha siku mbili chini ya vitabu vya ofisini. Kwa ajili yake mwenyewe asingethubutu kuipeleka popote. Kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, aliipeleka. Leo mchana mkuu wa kitengo alimwita mumewe, akamsomea neno kwa neno, akamsimamisha kazi.

"Ni yule binti wa mwaka wa kwanza, eh?" mume akauliza. "Yule anayekaa pembeni, ukimuuliza kitu anatazama viatu?"

 Ndiye huyo huyo ambaye mwanamke naye alikuwa akimfikiria.

"Sijui. Na hata ningejua nisingekwambia."

Safari hii ilikuwa ngumi, ya mbavuni. Akajikunja. Mume akamkamata nywele, akamwinua, akamgongesha paji la uso kwenye mlango wa kabati, mara moja, mara mbili, bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari.

"Sijawahi kumgusa mwanafunzi! Hata mmoja! Mtoto wangu mwenyewe anashinda pale kila jioni, yuko meza ya nyuma anachora. Muulize!"

Nani amuulize? Binti yao wa darasa la tatu alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la chumbani, kama kila mara. Ilikuwa miezi sasa anajibu kwa kichwa tu, ndiyo na hapana.

Mwongo, mama akawaza, damu ikimwingia jichoni. Unayaweza haya hapa, huko utashindwaje?

"Basi," mume akasema. "Kesho namngoja getini. Nitamuuliza mwenyewe."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alimwona yule msichana na begi lake, anatoka darasani akitazama viatu, hajui kinachomngoja. Huyo naye ana mama yake mahali fulani, anampigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amekula.

"Ni mimi," akasema. "Mwache mtoto wa watu. Niliandika mimi."

 Mume akacheka.

"Wewe? Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unanianika?"

Kiti kiliruka. Kilimpata kwenye mkono alioukingia uso, na wote wawili wakausikia mfupa ukivunjika. Mwanamke akapiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga katika miaka tisa ya ndoa.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Mama mmoja, fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliingia na tochi mkono huu, mkasi wa kukatia vitambaa mkono ule. Nyuma yake walisimama wapangaji wanne.

Mume akashusha pumzi. Sauti yake ya darasani ikarudi, laini kama pamba.

"Karibuni, dada. Mwenzangu kajikwaa gizani."

"Kila wiki anajikwaa?" fundi akasema. "Hiyo sakafu mnaipaka sabuni?" Akamulika vigae vya vikombe, akamulika kiti, akamulika mkono uliopinda. "Wewe kaa hapo hapo ulipo. Usimsogelee."

"Dada, ni mambo ya kazini tu. Kuna mwanafunzi kanizulia kwamba napiga watu. Sasa mwenzangu, kwa huruma zake, anajitwika, eti karatasi ile kaandika yeye."

"Na kaandika nani?"

"Hata mimi ningependa kumjua."

Pazia likasogea. Binti yao akatoka peku, akapita juu ya vigae vile bila kuvitazama, akasimama mbele ya mama yake, kwenye mwanga wa tochi, uso kwa uso na baba.

"Karatasi niliandika mimi, siyo mama."