Chai ya Msibani

Tangu mji ukauke, hakuna nyumba inayoruhusiwa kumwaga maji. Yote yaliyotumika hurudi kwenye mtambo chini ya sakafu, na baada ya saa chache hunyweka.

Asubuhi, Saumu na shangazi yake, Bi Mwanakombo, waliuosha mwili wa mama yake Saumu kwa maji yenye karafuu maiti. Kisha Saumu akamsihi afisa wa maji aliyesimama mlangoni.

"Kaka, maji haya tu niyamwage ardhini. Ni ya mama."

"Ukimwaga, jengo zima linafungiwa maji. Yakishachujwa ni maji tu, dada. Pole kwa msiba."

Saumu akayaacha yaende.

Alasiri waombolezaji walijaa sebuleni, na maji mengine ya chai hayakuwepo. Saumu aligawa vikombe. Mvuke ulinuka karafuu maiti. Hakuna aliyenyanyua kikombe.

Bi Mwanakombo akapiga funda refu. "Mbona mnanikodolea macho? Kwani kwenu hawafi watu?"

Mmoja mmoja wakaanza kunywa. Jirani akaomba sukari.

Saumu alikimbilia jikoni kutapika. Akiwa ameinamia sinki, akakumbuka kwamba hata hayo yangerudi vikombeni. Akafumba mdomo, akameza.