Hodi ya Tatu

Mwanakombo alikuwa akifuta vumbi kwenye saa mpya za kampuni katika duka alilofanyia kazi, simu yake ilipoonyesha sifuri. Kila siku ilimwonyesha mapigo ya moyo wa mumewe, Shomari, mgonjwa aliyebaki nyumbani na saa ya kampuni hiyo mkononi, ya toleo la zamani, iliyoyapima na kuyatuma kwenye simu.

“Usipaparike, dada,” mwenye duka alimwambia. “Saa zile kampuni iliacha kuziunda zamani, na leo imezizima zote. Ni saa, si moyo.”

“Una hakika?”

Mwenye duka akajitia kupanga visanduku.

Mwanakombo alikimbia, kanga ikimvuka. Alipofika kwake ufunguo alikuwa nao, lakini mkono uligoma. Akajikuta anabisha kama mgeni.

“Hodi!”

Ndani redio ilikuwa ikiimba peke yake.

“Hodi, baba Mishi!” akamwita mumewe.

Simu ikatetemeka. Akaitazama haraka: “Kampuni yetu inakushukuru kwa kuwa nasi.”

Hodi ni tatu. Mgeni asiyeitikiwa ya tatu hugeuka akaenda zake, na yeye angegeuka aende wapi? Akalaza paji la uso kwenye ubao wa mlango, hodi ya tatu ameibana kinywani.