Kibuyu cha Nungunungu

Hii ni ya Ngiri, na mwenye masikio asiyazibe.

Ngiri alikuwa mkarimu kuliko wanyama wote, kwa hiyo alipougua, wote walikwenda kumjulia hali. Alikuwa na kiu isiyokatika, macho yaliona ukungu, na kidonda chake cha mguuni kilikataa kupona. Na mgonjwa anayependwa hupelekewa nini? Soda! Tumbili alileta kreti nzima, Kanga akaleta mbili.

"Kunywa, dada, upate nguvu," alisema Kanga.

"Kila nikinywa, kiu inazidi."

"Basi ongeza nyingine!"

Jamani! Nani aliwaambia kwamba upendo lazima uwe na mapovu?

Nungunungu, jirani aliyenuniana na Ngiri tangu masika, akaja kumwaibisha. Mbele ya wageni wote alimwekea kibuyu cha maji ya kisimani.

"Hayo ndiyo yanayokufaa, bibi mkubwa."

Wageni wakaguna. Maji matupu kwa mgonjwa! Ngiri akayanywa kwa hasira mpaka tone la mwisho, na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, alilala.

Asubuhi mganga Korongo akampima. "Ni sukari, mama. Dawa nitakupa, lakini soda basi."

Nje, Kanga na Tumbili walikuwa wamefika na kreti nyingine. Ngiri akawatazama kwa huruma.

"Asanteni, wapenzi wangu. Hizo zirudisheni. Halafu niitieni adui yangu."