Folda ya Redio

Folda ya Redio ilikuwa imezaa tena.

Mama aliisogelea skrini ya kompyuta, akavaa miwani. Jana skrini ilikuwa imejaa nakala. Leo imeongezeka nyingine, jina lilelile, na neno "nakala" mwishoni. Hakuthubutu kufuta hata moja. Aliogopa asije akabonyeza vibaya, akaifuta na folda yenyewe.

Redio lilikuwa jina la utani la binti yake. Alianza kuongea kabla ya kutembea, na hakunyamaza mpaka homa ilipomnyamazisha, akiwa chuoni anasomea utangazaji. Ndani ya folda hiyo kulikuwa na sauti yake akijifunza kusoma habari: anakosea, anajicheka, anaanza upya. Kila mchana, mumewe akiwa kazini, mama alifunga mlango akamsikiliza.

Alisikiliza peke yake kwa sababu mumewe hakutaka. Zamani majirani walitania kwamba mtoto alichukua maneno yote ya baba yake, hakumwachia hata la akiba. Sasa hakuna aliyetania. Tangu mazishi, Baba Redio hakuwahi kulitamka jina lile. Taarifa ya habari ikianza, alinyanyuka akatoka nje. Siku moja alikiondoa kiti cha Redio mezani, akakipeleka chumba cha nyuma bila kusema kitu. Mkewe alipomuuliza kama hamkumbuki mtoto wake, alijibu, "Chakula kinapoa," akaendelea kula.

Kwa hiyo mambo ya folda mama hakumwambia. Alimwita fundi, binti mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta kwenye kona ya mtaa. Fundi aliketi, akabonyeza hapa na pale, uso ukaanza kukunjamana.

"Mama, kompyuta yako ni nzima. Hizi nakala hazitoki hapa."

"Zinatoka wapi?"

"Folda hii iko kwenye akaunti ya marehemu, kule mtandaoni. Kompyuta yoyote iliyowahi kufunguliwa kwa akaunti hiyo inaiona. Kuna mtu anachukua nakala huko aliko, na huku kwako zinatokea. Binti yako aliwahi kuingia kwenye mashine gani nyingine?"

"Wapi hakuingia, mwanangu? Chuoni, maktaba, kazini kwa baba yake, kwa rafiki zake. Penye kompyuta, Redio yupo."

Fundi alizitazama tarehe. "Ni siku za kazi tu. Jumapili hakuna kitu."

"Kumbe hata wezi wana mapumziko," mama alisema.

"Halafu kuna hili. Kila nakala ina faili moja lisilokuwemo kwenye folda yenyewe. Halina jina, ni namba tupu."

Mama alinyoosha mkono kwenye kipanya. Fundi akamzuia taratibu.

"Usilifungue, mama. Virusi huingia kwa njia hiyohiyo. Unaweza kupoteza na sauti zake."

Maneno hayo yalimchoma. Akilini alimwona mtu asiyemjua, ameketi mahali, anampekua mtoto wake kila siku kama anayepekua sanduku la nguo za marehemu. Hasira iliyokosa pa kwenda tangu msibani ikapata mwenyewe.

"Mtoe," alisema.

"Na nakala zake?"

"Zote. Niachie ile ya mwanangu tu."

Fundi alibadilisha neno la siri, akaitoa kila mashine nyingine kwenye akaunti, akafuta nakala zote, kisha akamwaga na pipa la taka la akaunti hiyo. "Zimekwenda, mama. Hata mimi mwenyewe siwezi kuzirudisha."

Mama alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu ampoteze, alihisi amemfanyia mwanawe kitu. Usiku huo alilala.

Kesho yake jioni Baba Redio alirudi mapema kutoka kwenye stoo ya mbao aliyokuwa akiisimamia. Alikaa bila kuvua viatu.

"Mama Redio," aliita.

Mkewe aliacha kukunja nguo. Hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi.

"Kompyuta ya kazini imenifungia," alisema, akitazama viganja vyake. "Inataka neno la siri jipya la mtoto. Nikajua umeshaziona zile nakala."

Mkewe alisimama na shuka mkononi.

"Mchana wenzangu wakienda kula, mimi nabaki naye. Nachukua nakala kwanza, nisije nikamharibu, halafu ndani ya ile nakala narekodi yangu. Namweleza habari za siku. Za nyumba. Zako. Mimi kuongea sijui, unanijua. Yote niliyoshindwa kukwambia wewe, nimemwambia yeye. Yamo humo."

Alivuta kiti, akakiweka mbele ya kompyuta, akamshika mkewe mkono akamkalisha.

"Zile za mwanzo ziruke, humo nalia tu. Lakini hizi nyingine fungua, mke wangu. Nataka uzisikie nikiwepo."