Mke Mwenza wa Toleo la Kwanza

Kila toleo la mchezo wa video wa Merikebu za Zuhura halifunguki mpaka lichukue sura na sauti ya mwenzi wako, kama alivyo siku unayonunua, awe rubani wako. Kwa hiyo Tunu alikuwa rubani wa mumewe, Makame, mara tatu: toleo la kwanza akiwa bi harusi, la pili akinyonyesha, la tatu mwaka huu.

Ijumaa alasiri wageni walimuuliza Makame lipi bora.

"La tatu lina sayari tele na vita vikali," alisema, "lakini la kwanza halina mfano. Rubani wake ana raha, bwana!"

Wakacheka. Tunu akalitua sinia la vitumbua kwa kishindo.

Kesho yake Makame alipotoka, Tunu aliwasha toleo la kwanza, ulimi ukimwasha, tayari kumpasha yule mke mwenza. Msichana mwenye hina mbichi mikononi aligeuka kutoka kwenye usukani, akamtazama sana, asimtambue.

"Shikamoo, mama," alisema kwa adabu. "Mume wangu leo haji?"